Mkono Usio na Habari

Wahariri wenzake walimwita Chujio, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Mchana alikuwa mkutubi wa chuo cha ualimu, mtu wa kupanga kadi, kupuliza vumbi na kunyamazisha wanafunzi kwa kuwatazama tu. Kazi ikiisha alibaki palepale mezani, akafungua kompyuta, na mpaka jua linapozama akawa mkabidhi wa ensaiklopidia ya mtandaoni ya Kiswahili, yaani mmoja wa watu wanne waliopewa ufunguo wa kufuta makala. Hakulipwa kitu. Kama ni mshahara, alipokea matusi, na hayo yalifika kwa wakati.

Alichuja mengi. Alichuja wasifu ambao watu walijiandikia wenyewe, na timu za mpira zenye wachezaji kumi na mmoja lakini hazina mpira. Zaidi ya yote alichuja maneno ya saikolojia. Haukupita mwezi bila kuibuka mtu aliyegundua ugonjwa wa akili ambao madaktari wote duniani hawaujui isipokuwa yeye. Aliupa jina, akauandikia makala, na chini kabisa akaweka namba yake ya simu.

Sheria ya ensaiklopidia haikuwa na kona. Neno la kitaalamu haliingii mpaka watu wengine, wasiokula sahani moja na aliyelitunga, walichunguze na kuliandika kwenye kitabu au jarida. Lisipotimiza hilo, linatoka. Chujio alikuwa na sentensi yake ya kutolea: “Imefutwa: hakuna chanzo huru.” Kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameiandika mara nyingi kiasi kwamba vidole viliimaliza kabla yeye hajafikiri.

Ndivyo alivyofuta Ugonjwa wa Dari. Aliyeutunga alikuwa mhamasishaji, bwana mmoja wa suti ya bluu anayezunguka maofisini kuwaambia watu wajiamini. Kwa mujibu wake, mtu aliyekulia nyumba yenye dari fupi huogopa kupandishwa cheo maisha yake yote, na dawa ni semina ya siku mbili hotelini. Chujio alicheka peke yake maktabani, akafuta, akaenda zake nyumbani.

Baada ya wiki ujumbe ukaingia.

“Ndugu Chujio, umefuta ugonjwa wangu kwa kuwa hauna chanzo. Sawa, mimi ni mtu wa kukubali. Sasa tueleze na huu ‘Mkono Usio na Habari’. Upo kwenye ensaiklopidia yenu karibu mwaka mzima. Chanzo chake ni kipi? Au ni kwa sababu mwandishi wake mmechangia ziwa moja? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.”

Aliusoma mara mbili, akafunga kompyuta kabla jua halijazama. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

Bwana wa dari hakukosea. Makala ile iliandikwa na dada yake, tumbo moja, aliyemtangulia kwa miaka mitatu. Dada alikuwa mshauri nasaha wa hospitali. Kwa miaka ishirini na saba alikaa kwenye chumba kidogo jirani na stoo ya mashuka, akiwapokea watu waliotoka kuambiwa kwamba mgonjwa wao hayupo tena. Aliwahi kumkaribisha mhamasishaji azungumze na wauguzi, na katika maongezi ya chai akajivunia kwamba mdogo wake ni mkubwa huko kwenye ensaiklopidia. Dada za watu husema hayo.

Makala yenyewe ilikuwa fupi. Ilieleza kwamba mtu akifiwa, akili huambiwa kwanza, moyo hufuata, na mkono huwa wa mwisho kupata habari. Mkono huendelea kumtandikia marehemu kitanda, kumchemshia maji ya kuoga, kumfungulia mlango saa anayorudi. Huyo si mwendawazimu, iliandikwa, wala hajarogwa. Mkono wake haujaambiwa, basi. Kisha ukafuata mfano mmoja: “Mtu mmoja wa makamo, msomi kiasi chake, mtulivu, asiyelia mbele za watu, miezi kadhaa baada ya msiba bado huweka mezani kikombe kimoja cha ziada. Akiulizwa, husema hajambo.”

Chujio aliisoma siku ileile ilipowekwa, na alipofika kwenye mfano masikio yalimwaka moto. Mke wake alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya siku hiyo. Kila asubuhi mkono wake ulishusha vikombe viwili, na kila asubuhi alikirudisha kimoja kabatini akitazama mlangoni, ingawa nyumba ilikuwa tupu. Hakuwahi kumwambia mtu. Alijiuliza dada alichungulia dirisha gani.

Alichopaswa kufanya kilikuwa wazi: kufuta siku hiyohiyo, au kumwachia mkabidhi mwingine kwa kuwa mwandishi ni ndugu. Hakufanya hata kimoja. Kufuta kungemlazimu kumweleza dada, na kueleza kungemlazimu kukiri habari ya kikombe. Basi akabandika juu ya makala kile kibandiko cha manjano kinachosema “Makala hii inahitaji vyanzo,” akavaa miwani ya mbao, akaendelea kuchuja ya wengine.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku ya pili baada ya ule ujumbe aliifungua makala ya dada akitumaini kwa dhati kwamba katika miezi kumi na moja imejipatia vyanzo. Ilikuwa navyo viwili. Moyo ukatulia kidogo.

Cha kwanza kilikuwa gazeti moja la afya, toleo la miezi sita iliyopita. Maktaba ilikuwa nalo. Alilitoa kwenye rafu akalisoma amesimama. Safu nzima ilikuwa maneno ya dada, yamebadilishwa nguo tu, hadi mahali aliposema kwamba mkono wa binadamu una mifupa ishirini na minane. Mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa ishirini na saba. Kosa hilo Chujio aliliona siku ya kwanza, akaliacha, maana kulisahihisha kungeonyesha kwamba ameisoma yote, pamoja na ule mfano.

Cha pili kilikuwa kijitabu cha mihadhara cha mwalimu wa saikolojia wa chuo hichohicho. Nacho kilikuwa rafuni, na mhuri wa maktaba kwenye jalada ameugonga yeye mwenyewe. Ukurasa wa arobaini, mifupa ishirini na minane. Mwalimu alinukuu gazeti, gazeti lilinyofoa ensaiklopidia bila kuitaja, na sasa msamaria mmoja alikuwa amevirudisha vyote viwili chini ya makala kama ushahidi. Maji yametoka kisimani, yamezunguka kijiji, yamemwagwa kisimani tena, halafu watu wanasema kisima kimejaa. Na aliyekiacha wazi ni Chujio.

Kwenye ukurasa wa majadiliano mambo yalikuwa yameshapamba moto. Mkabidhi mwenzake aliyejiita Mchwa, kwa sababu alikula makala kuliko wote, aliandika: “Chujio, hili ni lako. Una siku saba. Usipofuta wewe tutafuta sisi, na tutaandika kwa nini.” Chini yake mhamasishaji alileta mashahidi wanane waliopona Ugonjwa wa Dari, kila mmoja na jina lake, akauliza kama manufaa hayo nayo si kitu.

Na chini ya mashahidi hao, mtu aliyejiita Mama wa Wawili.

“Mimi si mhariri,” aliandika, “sijui mnapigaje kura humu. Mwanangu wa kwanza alifariki mwaka jana. Kila asubuhi nilikuwa nafunga mikoba miwili ya shule na mtoto amebaki mmoja. Mawifi wakasema nimechanganyikiwa, wakataka kumchukua aliyebaki. Nikawasomea ukurasa huu. Wakanyamaza kwa kuwa umeandikwa. Mkiufuta nitawaonyesha nini?”

Mchwa alimjibu kwa adabu: “Pole sana, mama. Lakini manufaa si ushahidi.” Sentensi hiyo Mchwa alifundishwa na Chujio.

Alikaa na maneno hayo siku nne. Akifuta, anamnyang'anya dada yake neno na mama wa watu ngao. Akiacha, basi kila alichofuta kwa miaka kumi na miwili alikionea, na bwana wa dari ana haki ya kurudi na semina yake, maana naye ana watu wanaoapa kwamba wamesaidika. Alitafuta njia ya tatu kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni mwake. Siku ya tano ilikuwa Jumamosi. Akampigia dada kumwambia anakuja, akachukua kompyuta kwapani, akaenda.

Dada alikaa nyumba ya mama yao. Ndiye aliyemuuguza mama miaka sita baada ya kupooza upande mmoja, huku Chujio akija Jumapili na matunda. Mama alikuwa amefariki miezi kumi na minne iliyopita. Kiti chake kilikuwa bado dirishani, blanketi limekunjwa juu yake. Mezani palikuwa na sinia la chai tayari, birika na vikombe vitatu. Chujio akadhani kuna mgeni anatarajiwa, akafurahi kwamba hatakaa sana.

“Dada, nimekuja kwa ajili ya ile makala.”

“Najua. Yule wa dari kanipigia simu. Anasema tuungane mimi na yeye tudai haki yetu.”

“Ukamwambia nini?”

“Nikamwambia nyumba yetu dari yake fupi, na mdogo wangu kapandishwa cheo mpaka anafuta watu. Akakata simu.”

Chujio hakucheka vizuri. Akamweleza yote kwa utaratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi namna ya kutafuta kitabu: sheria, kibandiko cha manjano, gazeti, kijitabu, mifupa.

“Kwani ni mingapi?” dada akauliza.

“Ishirini na saba.”

“Na uliliona hilo lini?”

“Siku ya kwanza.”

“Ukashindwa nini kuniambia? Mimi ni mtu wa kukasirikia mfupa?”

“Ningekuambia la mfupa, ningelazimika kukuambia na mengine.”

“Mengine yapi?”

Akatazama kiti cha dirishani. Alikuwa amelitayarisha jambo hili njia nzima, likiwa fupi na lenye heshima. Likatoka jinsi lilivyotaka.

“Kwamba umenianika, dada. Msomi kiasi chake, mtulivu, asiyelia mbele za watu. Kikombe cha ziada. Ungeniuliza kwanza. Mimi nachuja watu wanaoandika habari za wenzao bila ruhusa, halafu najikuta kwenye mfano, na aliyeniweka ni dada yangu.”

Dada alimtazama. Uso wake wa kazini, ule wa kusikiliza wafiwa bila kupepesa, ulimtoka taratibu, ukabaki uso tu.

“Kwani na wewe unaweka?” akauliza.

Chujio hakuelewa mara moja. Kisha macho yake yakashuka mezani, kwenye sinia, yakahesabu vikombe, na hakuna mgeni aliyebisha hodi.

Aliona aibu, na haikuwa aibu ya kikombe chake. Yeye ambaye hakukubali kwamba mji una wakazi elfu kumi mpaka aonyeshwe takwimu, ambaye alirudisha makala ya mto kwa sababu urefu wake haukuwa na rejea, alikuwa ameikubali “sijambo” ya dada yake kwa miezi kumi na minne bila kuuliza swali la pili.

“Nilidhani wewe umepoa,” dada akasema. “Miaka mitatu. Kila nikikupigia, hujambo.”

“Na wewe kila nikikuuliza, hujambo.”

“Basi tumekuwa wawili.” Akavuta pumzi, na ule utani wake ukamrudia kwa mbali. “Haya, si ndivyo vyanzo viwili hivyo?”

“Havihesabiki. Si huru. Ni ndugu.”

Dada akacheka. Alicheka kikweli, mabega yakamtetema, halafu yakaendelea kutetema kicheko kilipokwisha, akajifuta macho kwa kiganja bila kugeuka pembeni. Chujio hakujua aweke wapi mikono. Akaishia kuishika kompyuta.

“Futa,” dada akasema alipotulia.

“Hujakasirika?”

“Nimekasirika. Nastaafu mwezi wa sita. Miaka ishirini na saba, na karatasi pekee yenye jina langu pale hospitalini ni daftari la mahudhurio. Nilitaka kitu kimoja kibaki, hata kama ni neno. Lakini yangu ikibaki kwa sababu ni dada yako, na ya yule wa suti ikaondoka, nitakuwa nimemzidi nini? Nitakuwa wa dari kama yeye. Futa.”

“Unaweza kuandika ulichokiona kazini, uwape watafiti. Wakikichunguza wakakubali, makala itarudi.”

“Muda gani?”

“Miaka mitano. Kumi.”

“Basi wakati huo utaiandika wewe.”

“Mimi ni ndugu yako. Siruhusiwi.”

“Mungu wangu,” dada akasema. “Hiyo sheria mliitunga mkiwa mmeshiba au mna njaa?”

Chujio akatabasamu, lakini hakufungua kompyuta. Kulikuwa na jambo limemkaa kooni tangu Jumanne. Akamsomea dada maneno ya Mama wa Wawili, mikoba miwili, mawifi, yote. Dada alisikiliza na uso wa kazini ukarudi.

“Huyo hahitaji ensaiklopidia,” akasema. “Anahitaji barua. Mawifi wamenyamazishwa na maandishi, sasa wapelekewe maandishi yenye mhuri. Mwambie anipigie Jumatatu asubuhi.”

“Utaandika nini? Neno lenyewe halijathibitishwa.”

“Nani kasema nitaandika neno? Nitakaa naye, nimsikilize. Nikiona ndivyo, nitaandika kwamba nimezungumza na mama huyu, amefiwa, ana huzuni, na akili yake ni timamu. Hilo nimelisomea na cheti ninacho. Jina la ugonjwa nitabaki nalo mwenyewe.” Akasogeza sinia pembeni ili kompyuta ipate nafasi. “Sheria yenu inakataza na hilo?”

“Hapana,” Chujio akasema.

Akamwandikia kwanza yule mama, akampa namba ya chumba cha jirani na stoo ya mashuka na saa ya kupiga. Kisha akaifungua makala. Dada alisogeza kiti, akaisoma mara ya mwisho kutoka juu hadi chini, midomo ikitikisika. Alipofika kwenye mifupa ishirini na minane akaguna.

“Haya,” akasema.

Safari hii vidole havikukimbia mbele yake. Chujio aliiandika sentensi yake neno kwa neno: “Imefutwa: hakuna chanzo huru.” Akaongeza chini yake kitu ambacho hakijawahi kuandikwa na mkabidhi yeyote: “Aliyefuta ni mdogo wa mwandishi. Alijua tangu siku ya kwanza akanyamaza, na wote walionakili walinakili kwa sababu ya kimya chake.” Akabonyeza. Ukurasa ukawa mweupe. Ujumbe wa Mchwa ukaingia palepale, neno moja tu, “Asante,” na Chujio hakuujibu.

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo mahali, akiacha na kuanza tena. Dada alinyoosha mkono kwenye birika, akaligusa kuona kama lina joto bado.

“Sukari nimeisahau,” akasema. “Iko kabatini, rafu ya juu. Wewe mrefu.”

Chujio akaenda jikoni. Alikuwa anawaza mawifi, anawaza jinsi bwana wa dari atakavyosherehekea, anawaza kwamba Jumatatu itabidi amwambie mwalimu wa saikolojia habari ya ukurasa wa arobaini. Akarudi na kopo la sukari mkono wa kushoto. Alipofika mezani ndipo alipoona kwamba mkono wa kulia umebeba kikombe.

Alisimama nacho. Kwa mazoea akatazama mlangoni, kisha kabati la jikoni, akipima hatua za kukirudisha.

“Kiweke,” dada akasema.

Akakiweka kwenye sinia, karibu na kile cha mama. Dada akainua birika, akavijaza vyote vinne.